Mbuga, Kinamasi na Kitabu: Uandishi wa Mazingira kwa Jamii ya Namboboto

Tamasha la vitabu linapoandaliwa na jamii iliyo mbali na miji mikuu, waandaaji wake hukabiliwa na swali gumu: je, ni vitabu gani vya mazingira vitakavyowekwa mezani? Jibu jepesi ni vitabu vya mbuga za wanyama, vyenye picha za simba, ndovu na twiga. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini jibu hilo halitoshi katika eneo kama Namboboto, huko Samia katika Kaunti ya Busia. Aidha, yanaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili tayari ina kielelezo kinachoifaa zaidi jamii hiyo.

Hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika ilianzishwa mwaka 1925 katika Kongo ya Wabelgiji kwa jina la Albert; leo hujulikana kama Virunga. Nairobi ilifuata mwaka 1946, Tsavo mwaka 1948 na Serengeti mwaka 1951. Dhana iliyotawala ni kwamba maumbile hulindwa kwa kutengwa na makazi ya watu. Ndiyo maana mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti waliondolewa na kuelekezwa Ngorongoro. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliipa Serengeti sifa duniani kwa kitabu na filamu ya Kijerumani. Mwaka 1960 Joy Adamson naye alichapisha kwa Kiingereza kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na watu nchini Kenya. Kazi hizo ziliwachochea wengi kuwajali wanyamapori. Hata hivyo, ndani yake mhusika mkuu ni mnyama, na jicho linalomtazama ni la mgeni.

Lugha nayo imechangia mtazamo huo. Watanzania husema 'hifadhi ya taifa', ilhali nchini Kenya neno lililozoeleka ni 'mbuga'. Maana ya msingi ya mbuga ni uwanda mpana wenye nyasi. Kwa hiyo, msomaji anaposikia 'mbuga ya wanyama', akili yake hukimbilia nyika pana yenye makundi ya pundamilia. Mfano wa Saiwa, karibu na Kitale, unadhihirisha upungufu wa picha hiyo. Saiwa ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1974, nayo ni kinamasi chenye ukubwa wa takriban kilomita 3 za mraba. Ilitengwa ili kumlinda nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, awezaye kutembea juu ya matope na kujificha majini akiacha pua tu nje. Humo wageni hutembea kwa miguu.

Namboboto iko karibu zaidi na ulimwengu wa nzohe kuliko ule wa twiga. Kaunti ya Busia haina mbuga ya taifa, lakini ina vilima vya Samia, ufuo wa Ziwa Viktoria na Mto Sio, ambao katika sehemu yake ya chini ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Kinamasi cha Sio-Siteko kimegawanywa na mpaka huo, na kusini zaidi kuna kinamasi cha Yala. Mafunjo ya vinamasi hivi huchuja matope kabla maji hayajafika ziwani, huwapa kambare na kamongo mahali pa kuzaliana, na huwapa wenyeji malighafi ya mikeka na vikapu. Hapa maumbile na riziki ya watu havitenganiki.

Kielelezo cha uandishi wa maumbile ya namna hii kimo ng'ambo ya ziwa lilelile. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kisa chake ni cha mume na mke wanaotafuta mtoto, lakini ndani yake kuna kilimo, uvuvi, uwindaji, utengenezaji wa pombe ya ndizi na dawa za miti. Mti hutajwa kwa sababu kuna mgonjwa anayeuhitaji. Kwa njia hiyo, msomaji hujifunza mazingira kupitia haja za wanaoishi ndani yake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kinamasi kisichotajwa vitabuni huonekana kwa urahisi kuwa ardhi isiyo na kazi. Sehemu ya kinamasi cha Yala ilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960. Mjadala wa namna hiyo unapozuka, wenyeji huhitaji msamiati wa kutetea wanachokijua. Majina ya mimea, ndege na samaki yamo katika Kisamia, lugha inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka. Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, kinaweza kuyafikisha majina hayo kwa wasomaji wengi zaidi. Kazi hiyo inadai uangalifu: neno 'korongo', kwa mfano, laweza kumaanisha swala, ndege au bonde, hivyo mwandishi sharti aeleze anachokusudia.

Kwa kuhitimisha, tamasha la vitabu Namboboto linaweza kuviweka mezani vitabu vya Serengeti na Tsavo bila ubaya wowote. Ila kando yake pawe na Kitereza, na pawe na daftari ambamo wavuvi, wasusi wa mikeka na wanafunzi wataandika majina na matumizi ya viumbe wa Mto Sio, kwa Kisamia na kwa Kiswahili. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Daftari hilo likijaa, shule za eneo hilo zitakuwa na kitabu cha kwanza cha kinamasi chao wenyewe.