Kipupwe cha Silibwet na Ndimi za Watoto

Wapo wanaoamini kwamba nchi iliyopitiwa na mstari wa Ikweta haiwezi kuwa na majira ya baridi. Hao hawajapata kulala Silibwet mwezi wa Julai. Mji huu mdogo wa kaunti ya Bomet umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mashamba ya chai yakiuzunguka, na baina ya Juni na Agosti ukungu huchelewa kuondoka asubuhi, mvua hurejea alasiri, na giza likiingia milango yote imekwisha kufungwa. Watu wa pwani huyaita majira haya kipupwe, nao huyafurahia kwa kuwa yanawapunguzia joto. Huku kwetu neno hilo lina maana ya sweta mbili na blanketi.

Likizo ya Agosti huangukia humo humo. Chai hukua polepole wakati wa baridi, lakini haikomi kuchumwa. Mama hutoka na kikapu, na majani sharti yafike kwenye kituo cha kununulia kabla ya lori la kiwanda kuja kuyachukua. Watoto hubaki ndani. Mzazi aliyechoka hujiona ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuwaachia simu hadi betri iishe. Ya pili ni kumtafuta mwalimu wa kuwafundisha masomo ya ziada, jambo ambalo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imelipiga marufuku wakati wa likizo, ingawa sote twajua kwamba marufuku hayo huvunjwa kimyakimya. (Wapo pia wanaowageuza watoto kuwa wachumaji chai. Hao siandiki kwa ajili yao, nawaachia chifu.)

Maoni yangu ni kwamba iko njia ya tatu, nayo ni mazungumzo ya moto wa jioni. Wala siisemi kwa sababu ya kutamani ya kale. Nina sababu ya kitaaluma, inayowahusu hasa watoto wanaokulia katika nyumba za Wakipsigis.

Kikipsigis, sawa na lahaja nyingine za Kikalenjin, ni lugha ya toni. Kitenzi hutangulia katika sentensi, kisha nomino hufuata, na nomino iliyo kiima hutofautishwa na iliyo yambwa kwa toni yake. Yaani, kupanda na kushuka kwa sauti ndiko kunakomwambia msikilizaji ni nani aliyemfukuza mwenzake, mbwa au paka. Tena irabu za lugha hiyo hugawanyika katika makundi mawili, kutegemea kama mzizi wa ulimi umesogezwa mbele au la. Sasa fungua kitabu chochote kilichoandikwa kwa tahajia ya kawaida: toni haionyeshwi, na irabu zote zimebanwa katika herufi tano tulizozoea. Kwa hiyo mtoto hawezi kuyapata mambo haya kwa kusoma peke yake. Huyapata kwa kumsikia mtu mzima akisema, naye akajibu, akarekebishwa. Simu husema mengi, lakini haingoji jibu la mtoto wala haimrekebishi. Na mara nyingi haisemi Kikipsigis.

Chombo bora cha kazi hii kimekuwapo siku zote. Wakalenjin hukiita tangoch, sisi twakiita kitendawili. A. C. Hollis alikusanya vitendawili vya Wanandi katika kitabu alichokichapisha mwaka 1909, hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni mchezo ulioletwa na shule. Mtu akitega, mwingine hulazimika kupima kila neno, kubahatisha, kukubali kushindwa na, kwa Kiswahili, kutoa mji ili apewe jibu. Sijui zoezi la darasani linalodai fikra nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Mfano mmoja utatosha. Mtoto wa darasa la nne alinitegea kitendawili alichokitunga mwenyewe kwa Kikipsigis: hukatwa kichwa kila wiki na hafi. Jibu ni mchai. Nilipomwomba akiseme kwa Kiswahili, alianza, “Unakatwa kichwa...” akanyamaza. Alikuwa ameona jambo. Kiambishi “u” kilikuwa kimefichua nusu ya jibu, kwa kuwa kimetuambia kwamba kitu hicho si mtu wala mnyama. Kwa Kikipsigis hapakuwa na tatizo, maana lugha hiyo haina upatanisho wa ngeli kama wa Kibantu, na kitenzi hakimsaliti mtendaji wake. Baada ya kufikiri akasema, “Anakatwa kichwa kila wiki na hafi,” akiuvika mchai ubinadamu ili atupoteze. Kwa dakika mbili mtoto huyo alikuwa amezifanyia ngeli kazi ambayo vitabu vya sarufi huihangaikia kwa muhula mzima, naye alikuwa akicheka.

Kwa hiyo jioni za kipupwe zisiwe za kuwaambia watoto wakae kimya. Asubuhi, mvua ikizuia uwanja, kuna mdako wa vijiwe sakafuni, kuna kusonga kimnyet chini ya uangalizi wa mkubwa, kuna kupukuchua mahindi kwa mashindano. Usiku uwe wa kogo, yaani nyanya, na tangoch zake. Neno moja la tahadhari: jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa ili kuwapasha watoto joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Wakae jikoni palipo na tundu la moshi, mlango ukiachwa wazi kidogo, hata kama baridi itaingia.

Twalikuwa na nafasi kubwa mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi na wanafunzi walio wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021. Kipupwe kizima kilipita watoto wakiwa na wazee wao. Kazi zilizotumwa kwa simu siku hizo zilikuwa nyingi. Niliyoiona ikimtuma mtoto kwa nyanya yake ni moja tu, nayo ilihusu kuchora mti wa ukoo.

Walimu wenzangu, Agosti ijayo wapunguzieni wanafunzi karatasi ambazo mzazi hulazimika kwenda kuzichapisha mjini kwenye matope. Kila mmoja alete vitendawili vitano alivyovisikia nyumbani, vimeandikwa kwa lugha aliyovisikia, kisha kwa Kiswahili, na chini ya kila kimoja aeleze ni neno gani lililomsumbua kulitafsiri. Wanafunzi wa sekondari wenye simu wawarekodi wazee, kwa idhini yao, maana toni ambayo daftari haliwezi kuihifadhi hubaki katika sauti. Shule zikifunguliwa, vitendawili hivyo vitegwe darasani kwa lugha zote mbili, na mtegaji awe mtoto aliyekileta, si mwalimu.