Kupausha na Kuchujua: Juu ya Lignini na Weupe wa Karatasi

Mfasiri wa vitabu vya sayansi akutanapo na habari ya kuifanya nyeupe rojo ya mbao, ile itengenezwayo karatasi, mara nyingi huandika kwamba rojo hiyo "hupaushwa", kisha huendelea na kazi yake. Neno ni zuri, wala silikatai. Lakini limebebeshwa kazi mbili zilizo mbalimbali, na msomaji asiyezitenga hataweza kufahamu kwa nini kurasa za kitabu kizuri hukaa nyeupe miaka mingi, hali gazeti lililosahauliwa dirishani hugeuka manjano kwa siku chache.

Mti ni nyuzi za selulosi zilizoshikamanishwa na lignini, kama mawe ya ukuta yashikwavyo na chokaa. Katika misonobari lignini hupata 25 hadi 30 kwa mia ya uzito wa mti mkavu. Molekuli yake ni kubwa, wala haina mpango mmoja: imejengwa kwa vipande vyenye pete ya atomu 6 za kaboni na mkia wa atomu 3, navyo vimeungwa kwa vifungo vya namna nyingi, hasa vile vipitiavyo atomu ya oksijeni. Mbao zikipikwa pamoja na sodiamu haidroksaidi na sodiamu salfaidi, katika joto la karibu digrii 170, vifungo hivyo huvunjika na sehemu kubwa ya lignini hutoka. Ile kidogo isaliayo huwa na rangi ya kahawia. Bahasha tuiitayo ya kaki ni karatasi iliyoachwa katika hali hiyo.

Ili kuiondoa lignini hiyo iliyosalia, zamani ilitumika klorini. Atomu za klorini huingia katika pete na kushika mahali pa haidrojeni. Vikundi vya metoksili hung'oka. Pete nyingine hugeuka kwinoni, na nyingine hupasuka kabisa zikawa asidi. La ajabu ni kwamba rojo itokapo katika klorini si nyeupe hata kidogo, bali ina rangi ya machungwa, kwa kuwa kwinoni zenyewe zina rangi. Weupe huanza kuonekana baada ya kuoshwa kwa maji ya alkali, ambayo huviyeyusha vipande vile na kuvichukua. Lakini klorini iliyonasa katika pete huzaa sumu, dioksini zikiwa miongoni mwake, na tangu miaka ya 1980 jambo hilo limezusha hofu kubwa. Amri iliyotolewa Marekani mwaka 1998 iliviongoza viwanda kutumia klorini dayoksaidi badala yake. Hiyo nayo huzipasua pete, ila haiachi klorini nyingi ndani ya mabaki.

Kazi ya pili ni ya rojo isagwayo kwa mashine bila kupikwa, kama ile ya magazeti, ambayo lignini yake karibu yote imo. Kuiondoa kungekuwa hasara, maana ni sehemu kubwa ya mali yenyewe. Hutiwa haidrojeni peroksaidi katika maji ya alkali. Dawa hii haishughuliki na pete za kawaida. Huzishambulia kwinoni, na mikia ambayo vifungo-pacha vyake vimefuatana na kuunyonya mwanga wa buluu. Mfuatano huo ukikatwa, rangi hutoweka, na lignini yabaki mahali pake. Ndiyo sababu miale ya jua, ikiinyang'anya haidrojeni, huziumba kwinoni upya, na umanjano hurudi.

Sasa tutazame maneno yetu. Kupauka husemwa juu ya ngozi iliyokosa mafuta: ngozi ipo, sura tu imebadilika, na ikipakwa mafuta rangi yake hurudi. Kuchujuka husemwa juu ya kanga: rangi imekwenda na maji ya kufulia, wala hairudi. Kwa maoni yangu, kazi ya peroksaidi juu ya rojo iliyosagwa ndiyo kupausha hasa, na ile ya klorini na dayoksaidi ingefaa kuitwa kuchujua.

Najua litakalopingwa. Kuchujua kuna sauti ya kuchuja, na kichujio hakivunji kitu, bali hutenga tu. Hali lignini haitoki mpaka ivunjwe kwanza. Pingamizi hilo ni la haki, na mwenye neno lililo bora na alilete. Lakini hata kabla halijapatikana, mfasiri asiiache sentensi yake bila kueleza kama lignini imetoka au imebaki.