Unapohama Nyumba, Nani Abebe Vyombo Vyako?

Mwisho wa mwezi unapowadia, hasa siku za Jumamosi na Jumapili, mpita njia katika Jiji la Dar es Salaam hakosi kukutana na lori dogo lililobeba maisha mazima ya watu. Kitanda kimeegemezwa ubavuni, godoro limefungwa kamba juu, kabati limelazwa kifudifudi, na juu ya rundo hilo ameketi kijana mmoja aliyeikumbatia televisheni kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Nyuma ya lori huja bajaji, na ndani ya bajaji yumo mama wa nyumba, shingo kaitoa nje, akilifuata lori lile kwa macho lisije likampotea kwenye taa za barabarani.

Makala haya yanamhusu mama huyo, pamoja na baba ambaye wakati huo aghalabu yuko mbele kwa dereva akibishana juu ya nauli.

Dar es Salaam ni jiji la wahamaji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728, na familia nyingi za wafanyakazi huishi katika nyumba za kupanga. Kodi hulipwa kwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Muda ukiisha na mwenye nyumba akapandisha bei, familia haina budi kufunga virago. Wengine huhamishwa na maji: mafuriko ya Desemba 2011 yaliwang'oa wakazi wa bonde la Mto Msimbazi, na wengi wao wakapelekwa Mabwepande. Wengine huhamishwa na kazi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni kuanzia mwaka 2016 ndipo watumishi wengi walipoanza kweli kufungasha makochi yao. Kwa hiyo kila mmoja wetu, siku moja, atasimama mlangoni na kuwakabidhi watu asiowajua vyote alivyovichuma kwa miaka kumi au ishirini.

Mimi na mke wangu tulijifunza jambo hili kwa gharama. Tulikuwa tukihama kutoka Magomeni kwenda Mbagala. Asubuhi nilikwenda barabarani, nikamkuta dereva mwenye Kenta, nikapatana naye bei kwa maneno matupu, tukaja naye nyumbani. Alikuwa na utingo mmoja. Njiani akaokota vibarua watatu. Kazi ilikwenda kwa kasi ya kufurahisha. Tulipofika Mbagala, lori likakwama penye mchanga, hatua kama mia mbili kutoka nyumba mpya, kwa kuwa kichochoro kilikuwa chembamba. Zikaitwa mikokoteni miwili. Jua lilikuwa linazama, mvua inanyemelea, kila mtu anabeba anachokiona.

Usiku ule, tulipowasha taa na kuanza kupanga vyombo, mke wangu akauliza: "Kichwa cha cherehani kiko wapi?" Miguu yake ya chuma ilikuwapo, na meza yake ilikuwapo. Kichwa, yaani mashine yenyewe, hakikuwapo. Kwa mashine ile mke wangu alikuwa akishona sare za shule, na fedha za Desemba na Januari ndizo zilizotulipia ada za watoto wetu wenyewe.

Nilimtafuta dereva. Akaniambia kwa utulivu kwamba yeye alikodishwa gari, na gari lilifika salama; vibarua si watu wake. Vibarua niliofanikiwa kuwapata wakasema wao walishusha kila kitu wakawapa wenye mikokoteni. Wenye mikokoteni wakasema hawakupewa mashine yoyote. Ndugu msomaji, mpaka leo siwezi kuapa kwamba hata mmoja kati yao alikuwa mwongo. Yamkini mashine ilidondoka, yamkini ilichukuliwa na mpita njia pale penye mchanga. Mke wangu hakunilaumu. Alinyamaza siku mbili, na kimya kile kiliniuma kuliko maneno.

Nilipotafakari baadaye niliona kosa lilipokuwa. Nilikuwa nimekodi gari, lakini sikuwa nimemkabidhi mtu mali yangu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haidharau mapatano ya mdomo, mradi yaweze kuthibitishwa. Tena humtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Lakini ili umdai mtu, ni lazima ijulikane kwamba alipokea, na alipokea nini. Mimi sikuwa na hata karatasi ya kufungia karanga. Waswahili walikwisha kusema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ni nani wa kuaminiwa? Yapo makampuni yanayofanya kazi ya kuhamisha vyombo kwa ukamilifu: hufunga, hupakia, husafirisha na hupanga, na mengine huweza kukukatia bima ya mali iliyo safarini. Kwa anayekwenda Dodoma, Mwanza au Mbeya, nadhani gharama yake si ya kuikwepa. Kampuni ya kweli haitafuni maneno ikiulizwa usajili wake wa BRELA, leseni ya usafirishaji ya LATRA na risiti ya kodi. Gari la biashara huvaa namba nyeupe. Gari lenye namba ya njano ni la mtu binafsi, na likija kubeba mzigo wako kwa malipo, hapo pana swali la kuulizwa mapema.

Hata hivyo, kipimo ninachokiamini kuliko karatasi zote ni hiki: je, mhamishaji huyo anakuja kuviona vyombo kabla ya kutaja bei? Anayekutajia bei kwa simu bila kuuliza una makabati mangapi, unakaa ghorofa ya ngapi, na lori litafika mlangoni au litaishia barabarani, huyo ama hajui kazi yake, ama anaijua sana. Namna ya pili ndiyo mbaya zaidi. Bei yake huwa ya chini mno, moyo wako ukafurahi. Kisha vyombo vikiwa vimekwisha kupakiwa na wenye nyumba ya zamani wamefunga mlango, dereva huzima injini na kusema mzigo umezidi. Utafanya nini? Utampa, kwa sababu godoro la watoto wako liko juu ya gari lake.

Lakini wengi wetu, tuseme kweli, hatuwezi kulipia kampuni kubwa kwa safari ya kutoka Temeke kwenda Tabata. Sisi ni wateja wa madereva wa Kenta na kirikuu wanaoegesha penye vijiwe vyao, na kwa mizigo midogo tunategemea maguta. Siwadharau hata kidogo. Wako miongoni mwao watu waaminifu kuliko wengi wenye mabango marefu. Tofauti ni kwamba mwaminifu wa kijiweni hathibitishwi na bango, huthibitishwa na mahali pake. Dereva anayeegesha sehemu moja kwa miaka mingi anajulikana kwa mama lishe anayemuuzia chai, kwa fundi anayemzibia mipira, na kwa kiongozi wa kijiwe chenyewe. Huyo ana mahali pa kurudi kesho, na mwenye mahali pa kurudi huchelea aibu. Mnunulie mama lishe sahani mbili za wali siku mbili kabla ya kuhama, umsikilize. Atakwambia nani ana domo, nani mlevi, na nani huwa haibi.

Ukishampata, mpe malipo ya awali kwa simu badala ya fedha mkononi. Jina la mwenye namba hutokea kabla hujathibitisha malipo, na likiwa si lile alilokutajia, muulize sababu. Piga picha ya namba ya gari na ya leseni yake mbele ya macho yake. Salio alipwe kitu cha mwisho kikiwa kimeingia ndani.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau, nalo ni wabebaji. Jiji hili lina historia ndefu ya watu waliobeba. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, kilichowekwa pale. Na mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma kudai masilahi yao. Leo kijana anayepandisha jokofu lako ghorofa ya nne kwenye ngazi zisizo na taa ni ndugu wa watu wale. Mara nyingi hajui atalipwa kiasi gani. Ameambiwa tu "panda". Dereva hukuambia kwamba vibarua ni juu yake, kisha jioni vibarua wanakuja mlangoni kwako wakisema hawajapewa kitu. Ujira wao usemwe asubuhi, mbele yao, mbele ya dereva, na majina yao yaandikwe. Wapewe maji na chakula. Jokofu likimwangukia mtu mguuni, nani atampeleka hospitali? Hilo nalo lisemwe asubuhi.

Njia pia iende ikaonwe kabla ya siku yenyewe. Lori lisilofika mlangoni ndilo lililotupotezea cherehani. Katika mitaa kama Manzese na Tandale gari huishia barabarani na mzigo humalizia safari kwa mikono, kwa hiyo pale panahitaji mtu wenu wa kusimama muda wote, na bei ya mkokoteni au guta ipatanwe mapema. Mwenye kuhamia Kigamboni aulize kama bei inajumlisha malipo ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, au foleni ya pantoni. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua kubwa huweza kuifunga barabara ya Jangwani kwa saa kadhaa. Turubai ulione kwa macho, usiambiwe tu kwamba lipo. Wala usihame usiku. Lori la vyombo saa nne za usiku huwatia majirani na askari mashaka, na ni haki yao. Waage majirani, na ukiweza chukua barua ya ofisi ya serikali ya mtaa.

Kuhusu kufunga vyombo nisirefushe. Vyeti, hati, vitambulisho, fedha na dawa visipande lori kamwe. Vikae katika mkoba wa mama. Jokofu lisafiri wima, na likifika liachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, kwa sababu likilazwa mafuta ya kompresa huingia katika mabomba yake. Mtungi wa gesi ufungwe vali, nao usimame. Skrubu za kitanda zitiwe mfukoni na kufungwa kwenye ubao wa kitanda kilekile.

Mwaka juzi tulihama tena, kutoka Mbagala kwenda Kitunda. Safari hii mke wangu ndiye aliyeongoza. Aliandika namba kwa chaki juu ya kila kitu, tangu kabati hadi kinu, kutoka 1 hadi 58. Mtoto wetu wa kike, mwenye miaka kumi, alikaa mlangoni na daftari la shule akitia alama kila kilichotoka. Kaka yake akasimama penye lori akitia alama kila kilichopanda. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alipoombwa atie saini chini ya orodha, alikunja uso. "Mama, kwani mimi mwizi?"

Mke wangu akamjibu: "Hapana, baba yangu. Ukisaini wewe, nami nasaini. Kisha hakuna wa kumdai mwenziwe kitu kisichoandikwa."

Yule mzee akatazama ile karatasi kwa muda. Kisha akatueleza kwamba mwezi uliopita familia moja ilimdai pasi ya umeme ambayo hakuiona kwa macho yake, na alilipa kwa sababu walitishia kumpeleka polisi na gari lingelala kituoni. Akatia saini, tena kwa jina kamili, akaomba nakala yake.

Kitunda tulifika jioni. Watoto walihesabu wakaishia 57. Kilichokosekana kilikuwa namba 33, mchi wa kinu. Kabla hatujasema neno, dereva mwenyewe alivua viatu, akapanda tena kwenye lori na kukunjua turubai lote. Mchi ulikuwa umeviringika ukajificha kwenye mkunjo wa mwisho. Akaushusha akiwa ameushika kwa mikono miwili, akamkabidhi mtoto, na kumwamuru atie alama. Nikamlipa salio, nikawalipa vibarua mbele yake, tukanywa soda.

Namba 12 katika orodha ile ilikuwa miguu ya cherehani. Mke wangu hajakubali iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumeipigilia ubao juu, na ndipo mtoto yule wa daftari anapofanyia kazi zake za shule.