SAMAKI MKUBWA NA MTUMBWI MDOGO

Mkoa wa Singida hauna bahari, wala hauna papa. Hata hivyo, mvuvi wa Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, na mvuvi wa papa wa Pwani wana tatizo lililo moja: samaki mwenye nguvu anaponasa katika ndoana, na chombo ni chepesi, nani atamvuta mwenzake? Kwa faida ya wanachama walio wavuvi, tunaeleza jambo hili hapa.

Ziwa Kitangiri hupokea maji ya Mto Wembere, nayo hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Humo huvuliwa perege na kambare. Kambare ndiye wa kuangaliwa. Aweza kupita urefu wa meta moja; hana magamba, hivyo huteleza mkononi; mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu; tena huvuta hewa, kwa hiyo hafi upesi atolewapo majini, bali huendelea kujitupa ndani ya mtumbwi.

Nguvu za samaki peke yake hazipindui mtumbwi. Linalopindua ni mahali mshipi unapovutia. Ukivuta kwenye omo, mtumbwi humfuata samaki, naye huchoka kwa kuuburura. Ukivuta ubavuni, ubavu huinama, mvuvi naye huinamia upande ule ule, na maji huingia. Akisimama, hatari huzidi, kwa maana uzito wake umepanda juu.

Ngalawa ya Pwani ina mbao za kuizuia pande zote mbili, na bado mvuvi wa papa humwacha achoke kabla ya kumsogeza karibu. Mtumbwi wetu hauna mbao hizo. Basi sisi twapaswa kuwa na subira zaidi.

Tunashauri mambo haya:

Kwanza, mvuvi asizungushe mshipi mkononi wala asiufunge ubavuni mwa mtumbwi. Samaki akikimbia, mshipi uachiwe.

Pili, abaki ameketi, na aelekeze omo kwa samaki. Wakiwa wawili, mmoja ashike mshipi na mwingine ashike kafi; wasikimbilie wote upande mmoja.

Tatu, samaki apigwe rungu kichwani kabla ya kupakiwa, na asishikwe kwenye mapezi.

Nne, kisu kikali kiwekwe mahali ambapo mkono hufika. Mtumbwi ukianza kuingiza maji, mshipi ukatwe mara moja.

Shauri hili la nne ndilo gumu kulitii, kwa sababu kambare mkubwa ni fedha, na mvuvi mwenye deni huona anakata fedha zake. Hapa ndipo chama kinapohusika. Kamati ziwaeleze wanachama, bila kuficha, kuwa hakuna atakayelaumiwa kwa mshipi uliokatwa. Na zipange fedha za kununulia ndoana na mishipi ya akiba, pamoja na jaketi za kuokolea maisha. Ndoana moja iliyopotea chama chaweza kuilipa. Mwanachama aliyezama hakuna chama kiwezacho kumrudisha.