Mnyororo wa pikipiki

Mnyororo wa pikipiki (mitaani huitwa zaidi cheni) ni mfululizo wa viungo vya chuma unaopeleka nguvu ya injini kutoka giaboksi hadi gurudumu la nyuma. Huzunguka juu ya magurudumu mawili yenye meno yaitwayo sproketi: ndogo iko kwenye giaboksi, na kubwa imefungwa kwenye gurudumu la nyuma. Sproketi ndogo ikiwa na meno 14 na kubwa 42, ile ndogo huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Pikipiki nyingine hutumia shafti au mkanda, lakini pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 100 hadi 150, ambazo ndizo nyingi katika kazi ya bodaboda Afrika ya Mashariki, karibu zote hutumia mnyororo.

Mnyororo unahitaji mambo matatu: usafi, mafuta na ulegevu wa kiasi. La tatu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Waendeshaji wengi huamini kwamba mnyororo uliokazwa sana ndio salama, kumbe huo ndio unaoharibu pikipiki.

Muundo

Mnyororo wa aina inayotumika leo ulibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Viungo vya ndani na vya nje hupishana. Pini ya kiungo cha nje hupita ndani ya bushi ya kiungo cha ndani, na juu ya bushi huzunguka rola. Rola ndiyo inayokaa kati ya meno ya sproketi. Kwa kuwa inazunguka, haikwaruzi meno sana.

Umbali kutoka pini moja hadi inayofuata huitwa hatua. Mnyororo wa namba 428, ambao hufungwa kwenye pikipiki nyingi ndogo, una hatua ya milimita 12.7, yaani nusu inchi. Namba 520, ya pikipiki kubwa zaidi, ina hatua ya milimita 15.875. Sproketi na mnyororo lazima viwe vya namba moja.

Baadhi ya minyororo ina vipete vya mpira, au oringi, vinavyofunga grisi ndani kati ya pini na bushi. Hudumu zaidi, lakini bei yake ni kubwa, na vipete hivyo huharibiwa na petroli na brashi ya waya.

Kwa nini mnyororo hurefuka

Mafundi husema cheni "imevutika". Kwa kweli mabamba yake hayavutiki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi husagana na kulika. Zikilika milimita 0.1 tu katika kila kiungo, mnyororo wenye viungo 112 utakuwa umerefuka kwa milimita 11.2, yaani zaidi ya sentimita moja. Mchanga na vumbi vikichanganyika na mafuta hufanya kazi ya msasa, na ndiyo maana pikipiki ya barabara ya vumbi humaliza mnyororo mapema kuliko ya barabara ya lami.

Kwa nini lazima uwe na ulegevu

Gurudumu la nyuma halikai mahali pamoja. Limeshikwa na mkono wa nyuma, ambao hupanda na kushuka pamoja na shokapu kila pikipiki inapopita kwenye shimo au inapobeba mzigo. Sproketi ndogo iko mbele kidogo ya mahali mkono huo unapobembea. Hali hiyo inafanana na mkono wa mtu uliokunjwa kiwiko: ukinyooshwa, umbali kutoka bega hadi kiganja huongezeka. Vivyo hivyo, kitovu cha sproketi ndogo, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli ya gurudumu vikifika kwenye mstari mmoja, umbali kati ya sproketi mbili huwa mkubwa kabisa, na mnyororo hukaza kuliko wakati mwingine wowote.

Pikipiki inaposimama kwenye stendi kubwa, gurudumu huning'inia na mnyororo huonekana umelegea. Fundi akiukaza hapo mpaka usicheze, kisha wakapanda dereva na abiria wawili kwa mtindo wa mishikaki, shokapu hushuka na mnyororo hauna tena pa kupata nafasi. Nguvu hiyo huenda kwenye beringi za gurudumu na za shafti ya giaboksi. Dalili ya kwanza mara nyingi ni oili kuvuja nyuma ya sproketi ndogo, na mwenye pikipiki hubadilisha sili bila kujua kwamba chanzo ni spana yake mwenyewe. Mnyororo wenyewe nao unaweza kukatika.

Mnyororo uliolegea mno una hatari zake. Hupiga kava, hushtua pikipiki wakati wa kubadili gia, na unaweza kuruka nje ya sproketi. Ukijikunja kati ya sproketi ndogo na injini huweza kupasua ganda la injini au kulifunga gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa mwendoni.

Kupima

Injini huzimwa na gia huwekwa nyutro. Ulegevu hupimwa katikati ya sehemu ya chini ya mnyororo, kati ya sproketi mbili: mnyororo husukumwa juu kwa kidole, kisha huvutwa chini, na rula husoma umbali wote uliosafiri. Kwa pikipiki nyingi ndogo kipimo hukaribia milimita 20 hadi 30, lakini kila aina ina chake, kilichoandikwa kwenye kitabu chake au kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mkono wa nyuma. Kitabu hicho pia hueleza kama pikipiki ipimwe ikiwa kwenye stendi kubwa au ya pembeni.

Mnyororo haulegei sawasawa mahali pote, kwa sababu viungo haviliki kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo gurudumu huzungushwa kwa mkono, kipimo kikachukuliwa mahali kadhaa, na marekebisho hufanywa pale mnyororo ulipokaza zaidi. Anayerekebisha mahali palipolegea atakuwa amekaza kupita kiasi upande mwingine bila kujua.

Kurekebisha

Nati kubwa ya ekseli hulegezwa kwanza, pamoja na nati za kuzuia za virekebishi vilivyo pande zote mbili za mkono wa nyuma. Kisha nati ya kila kirekebishi huzungushwa kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Gurudumu husogea nyuma na mnyororo hukaza.

Pande zote mbili zina alama ndogo za mistari, na ekseli inatakiwa kusimama kwenye alama ileile kushoto na kulia. Zikitofautiana, gurudumu limekaa upande: sproketi hulika ubavuni na pikipiki huvutwa upande mmoja. Katika pikipiki iliyowahi kuanguka alama hizo si za kuaminiwa sana. Hapo hufaa kuchungulia mnyororo kwa nyuma, juu ya sproketi kubwa, kuona kama umenyooka.

Baada ya kukaza nati ya ekseli, ulegevu hupimwa tena, maana kukaza huko kwenyewe huweza kusogeza gurudumu. Mwenye kipimo, kitako akikalia kiti na shokapu zikashuka, ataona bado mnyororo unacheza kidogo.

Hatua inayosahauliwa ni breki. Kwenye breki za nyuma zinazovutwa kwa fimbo, gurudumu likisogezwa nyuma fimbo hukazika. Pedali hupoteza nafasi yake ya kucheza, na viatu vya breki vinaweza kugusa muda wote na kupata moto. Kwa hiyo nati ya fimbo hurekebishwa kila baada ya kurekebisha mnyororo, na gurudumu huzungushwa kuhakikisha liko huru. Taa ya breki pia hukaguliwa.

Kusafisha na kutia mafuta

Mafuta ya taa hutosha kusafishia, kwa brashi laini na kitambaa. Mnyororo ukishakauka hutiwa oili ya giaboksi nzito, kama SAE 90, au dawa maalumu ya kupuliza. Mafuta huwekwa upande wa ndani wa mnyororo, kwenye sehemu ya chini, ili mzunguko uyasukume kuelekea nje kupitia kwenye viungo. Wakati mzuri ni baada ya safari, mnyororo ukiwa na joto, kisha uachwe kwa muda kabla ya kuondoka. Yaliyozidi hufutwa.

Vitabu vingi hutaja kutia mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku hufikisha 500 kwa siku 5, kwa hiyo kwake hiyo ni kazi ya karibu kila wiki. Baada ya mvua, tope au kuvuka maji, haisubiri hesabu.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini hutumiwa sana kwa kuwa haina gharama. Ina masizi na chembe za chuma, kwa hiyo si chaguo zuri, ingawa mnyororo mkavu kabisa ni mbaya zaidi.

Kuchakaa

Viungo 20 vya namba 428 vikiwa vipya hupima milimita 254. Vikifika karibu 259, mnyororo umerefuka kwa 2% na ni wakati wa kuubadilisha. Sproketi iliyochakaa huwa na meno membamba yaliyopinda kama mapezi ya papa. Sproketi mbili na mnyororo hubadilishwa pamoja, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huharibika upesi.

Wapo wanaokata kiungo ili virekebishi vipate nafasi tena. Hilo hupunguza urefu wote, lakini hatua ya kila kiungo kilichobaki ni ileile iliyopanuka, na meno huendelea kulika.

Mnyororo unaofungwa kwa klipu huangaliwa upande: mwisho wa klipu uliofungika hutazama kule mnyororo unakoelekea, ili kitu kikiigonga kisiifungue.

Usalama

Kusafisha mnyororo injini ikiwa inawaka na gia imeingia ni jambo linaloonekana kwenye vijiwe vingi, kwa kuwa gurudumu hujizungusha lenyewe. Kitambaa kikinaswa huvuta vidole kati ya mnyororo na sproketi, na vidole hukatika kabla mtu hajafikia swichi. Gurudumu huzungushwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Kava la mnyororo nalo hulinda abiria. Kanga, mtandio au baibui la anayekaa upande huweza kunaswa na mnyororo au spoki na kumwangusha, kwa hiyo kava lililovunjika hurudishwa kabla pikipiki haijapakia mtu.