Lile papai halikuthibitisha chochote

Swali ni lile lile. Juzi kaniuliza dereva wa bodaboda, jana mwalimu wa sekondari: "Mtaalamu, kama papai lilikutwa na korona, vipimo vyenu tuviamini vipi?" Nalijibu hapa, liishe.

Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, majibu yakarudi chanya. Haya, tuseme ndivyo ilivyokuwa. Inathibitisha nini?

Kipimo cha PCR huzidisha vinasaba vya kirusi: kimoja huwa viwili, viwili vinne, hadi mizunguko 40 hivi. Piga hesabu: kipande kimoja huzaa zaidi ya trilioni moja. Tone usiloliona kwa macho likirukia sampuli ya jirani, papai nalo "limeugua". Ndiyo maana kwenye trei ya vijishimo 96 hatukosi kuweka kimoja cha maji safi. Maji hayo yakisoma chanya, majibu ya trei nzima yanatupwa. Vipimo vingi pia hutafuta jeni ya binadamu. Ikikosekana, fundi makini hujiuliza ameletewa nini.

Basi papai likisoma chanya, shuku uchafuzi kwanza. Dawa yake ni kusafisha maabara na kupima upya. Sisi Tanzania tuliacha kuhesabu. Takwimu za kitaifa zilikuwa zimeishia Aprili 29, wagonjwa 480 na vifo 16, kikafuata kimya cha zaidi ya mwaka. Kimya hicho ndicho kilichoua imani, watu wakakimbilia nyungu, ilhali mvuke haukifikii kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya seli.

Faida ya kupima upya tumeiona baadaye: Januari 2025 Wizara ya Afya ilisema sampuli za Kagera hazina virusi vya Marburg. Siku chache baadaye Rais Samia akatangaza mgonjwa aliyethibitishwa. Wapo waliocheka. Jibu kubadilika baada ya kupima tena ndiyo sayansi yenyewe.

Una shaka na jibu lako? Omba sampuli mpya, ikiwezekana maabara nyingine. Dalili hazilingani na jibu? Rudi kwa daktari. Una homa na unatokwa damu? Usijitibu nyumbani, piga 199. Mtoto usimfukize, maji ya moto huunguza.

Maabara ikikosea, idaini ipime upya. Ugonjwa usiopimwa unaendelea kuua.