Picha za Maradhi juu ya Pakiti ya Sigara na Taathira Yake kwa Mvutaji

Serikali ya Kanada ilipowaamuru watengenezaji wa sigara, kwa kanuni zilizopitishwa mwaka 2000, wapige juu ya nusu ya uso wa kila pakiti picha za rangi zenye kuonyesha mapafu yaliyooza, kinywa kilicholiwa na saratani na maradhi mengine yaletwayo na tumbaku, ilikuwa ndiyo nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na tangu wakati huo nchi zaidi ya mia moja zimeifuata; lakini swali lililoulizwa siku zile lingali likiulizwa hata leo, nalo ni kama mtu aliyekwisha tekwa na uraibu aweza kweli kuiacha sigara kwa sababu ya kuonyeshwa picha. Naamini kwamba picha hizo zina manufaa yaliyothibitika, ijapokuwa si makubwa kama wanavyodai baadhi ya wazitetezao, na kwamba manufaa hayo hupungua sana pale mvutaji anapotiwa hofu asionyeshwe njia ya kutokea, na hupotea kabisa pale ambapo pakiti yenyewe haimfikii mkononi.

Kabla ya picha kulikuwa na maneno. Marekani ilianza kuyaweka mwaka 1966, miaka miwili baada ya ripoti mashuhuri ya tabibu mkuu wa serikali yake iliyotangaza kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, na maneno yale yalikuwa ya kusitasita, yakisema tu kwamba huenda uvutaji ukadhuru afya, nayo yakawekwa ubavuni mwa pakiti ambapo jicho halifiki ila likitafuta. Maneno ya namna hiyo humfaa mtu ajuaye kusoma, apendaye kusoma, na ambaye hajayazoea. Picha haimtaki mtu elimu yoyote, na mtoto wa miaka mitano aiokotapo pakiti iliyotupwa na baba yake huelewa kwamba kilichomo ndani hakina heri. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005, uliweka katika kifungu chake cha 11 kwamba onyo lisipungue asilimia 30 ya uso wa pakiti, na kwamba yafaa lifike nusu au lizidi, na ukaruhusu liwe kwa picha.

Sasa tuiangalie ithibati, maana jambo hili halistahiki kuamuliwa kwa dhana. Mwaka 2016 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika majimbo ya North Carolina na California, ambamo wavutaji 2,149 waligawanywa kwa kura makundi mawili, na kwa muda wa majuma manne pakiti zao wenyewe zikabandikwa onyo, hawa la picha na hawa la maneno matupu. Katika waliobandikiwa picha, asilimia 40 walijaribu kuacha sigara katika muda ule, na katika waliobandikiwa maneno asilimia 34. Na muda ulipokwisha, waliokuwa wamekaa siku saba au zaidi bila ya kuvuta walikuwa asilimia 5.7 upande wa picha na 3.8 upande wa maneno. Msomaji atasema kwamba tofauti hiyo ni haba, naye hatakosea akiitazama kwa mtu mmoja mmoja. Lakini katika umma wenye wavutaji milioni moja, tofauti ya asilimia mbili ni watu elfu ishirini, na hakuna tabibu hata mmoja awezaye kuwashauri watu elfu ishirini kwa gharama ya wino.

Hata hivyo uadilifu wataka tutaje na upande wa pili. Uchunguzi mwingine uliofanywa San Diego na kuchapishwa mwaka 2021 uliwapa wavutaji pakiti zenye picha kwa miezi mitatu, na natija yake ikawa kwamba fikra za kuacha ziliongezeka, ila sigara zilizovutwa hazikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Lakini wataalamu waliohesabu mambo ya Kanada kwa miaka mingi, wakailinganisha na Marekani isiyokuwa na picha, walikadiria mwaka 2014 kwamba picha zilipunguza idadi ya wavutaji wa Kanada kwa sehemu kati ya asilimia 12 na 20. Mtu akizisoma hesabu hizi pamoja ataona kwamba hazipingani kama zinavyodhaniwa: miezi mitatu yaweza kuifikisha fikra, lakini kitendo aghalabu huja baadaye, tena huja kwa msaada, na aliye mzito zaidi kuguswa ni yule aliyezoea kwa miaka ishirini, wakati asiyeanza bado huzuiwa kwa wepesi.

Sababu yake imo katika tabia ya hofu yenyewe. Kim Witte, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, alieleza mwaka 1992 kwamba mtu aonyeshwapo hatari hujiuliza nafsini mwake mambo mawili: je, hatari hii yanihusu, na je, ninao uwezo wa kuiepuka? Akijibu ndiyo mara mbili, huishughulikia hatari. Lakini akiona kwamba yamhusu na hana la kufanya, huishughulikia hofu badala ya hatari, yaani huifunika picha kwa kidole, huihamishia sigara katika kijaluba, au husema kwamba babu yake alivuta akafa na miaka tisini. Asilaumiwe mtu huyo kwa udhaifu wa azma, kwani nikotini huufikia ubongo kwa nukta chache tu tangu moshi uvutwe, na mwili ulioizoea huidai kila saa kwa kichwa kuuma, kwa hamaki na kwa usingizi kuruka. Australia ililizingatia hilo mwaka 2006 ilipopiga, pamoja na picha, nambari ya simu ya ushauri wa kuacha tumbaku, na mwaka ule simu zilizopigwa huko zikawa maradufu ya zile za mwaka uliotangulia. Katika habari zote za picha za sigara, hiyo ndiyo niionayo kuwa na funzo kubwa zaidi, na ndiyo ambayo nchi zetu za Afrika Mashariki zimeisahau.

Liko pia jambo la mazoea. Akaaye jirani na mashine ya kusaga hausikii mlio wake baada ya mwezi, na mvutaji wa pakiti ya sigara ishirini kwa siku huitoa mfukoni zaidi ya mara elfu saba kwa mwaka, hata picha iliyomshtua siku ya kwanza ikawa sehemu ya rangi ya karatasi. Kanada yenyewe iliziacha picha zake za mwanzo zikae zaidi ya miaka kumi bila ya kuzibadilisha, na nguvu zake zikafifia.

Katika Afrika, Morisi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia, mwaka 2009. Kenya ilikuwa na sheria tangu mwaka 2007 iliyotaka maneno ya onyo kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha kanuni za mwaka 2014 zikaleta picha. Kampuni ya British American Tobacco ikazipinga mahakamani, ikashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikalifunga shauri mwaka 2019. Uganda nayo kwa sheria yake ya mwaka 2015 ilitaka picha zichukue asilimia 65 ya pakiti. Ushindi huo ni wa haki, nami naufurahia kwa moyo wote. Lakini mtu na asimame dakika kumi mbele ya kibanda chochote cha Mombasa, Kampala au Dar es Salaam, atazame jinsi sigara inunuliwavyo. Kijana hanunui pakiti. Hununua sigara moja, huitia moto kwa kiberiti kilichofungwa kamba pale pale kibandani, akaenda zake. Na pakiti yenye picha hubaki kwa muuzaji, ambaye pengine havuti. Uuzaji wa sigara moja moja umekatazwa kisheria Kenya na Uganda, lakini wafanyika mchana mbele ya watu, na wamnufaisha hasa yule mwenye fedha kidogo, yaani mwanafunzi, ambaye ndiye picha ilikusudiwa kumzuia kabla hajazoea.

Kanada imepata dawa ya jambo hilo. Kanuni zake zilizoanza kutumika Agosti 2023 zataka onyo lipigwe juu ya karatasi ya kila sigara, hata aipokeaye moja kutoka kwa rafiki alisome anapoipeleka mdomoni. Nchi za Afrika Mashariki, ambako sigara moja moja ni jambo la kila siku kuliko huko Kanada, zina haja kubwa zaidi ya kanuni hiyo, iandikwe kwa Kiswahili, na chini ya onyo la pakiti ipigwe nambari ya simu isiyolipiwa ambayo yuko mtu wa kuipokea. Dawa za kumpa mvutaji nikotini kidogo kidogo hata aachane nayo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009; mtu atakayepiga simu baada ya kutishwa na picha yampasa azikute katika zahanati iliyo karibu naye, kwa bei isiyozidi ile ya sigara alizokuwa akizinunua.